Kupima faida ya tangazo la mtandaoni: hesabu ya vitunguu swaumu vya Tlawi

"Biashara ni matangazo" ni usemi wa siku nyingi, na siku hizi tangazo la mfanyabiashara mdogo halisubiri redio wala gazeti. Mwenye magunia 5 ya vitunguu swaumu pale Tlawi, wilayani Mbulu, anaweza kupiga picha bidhaa yake asubuhi, na kabla ya saa 6 mchana ikawa imeonwa na watu wengi wa Arusha na Dar es Salaam ambao hawajawahi kufika Mbulu. Swali ambalo wengi hawajiulizi ni hili: fedha iliyotumika kwa tangazo hilo imerudi na kiasi gani juu yake?

Somo la wiki hii ni hesabu hiyo. Kwa ufupi, faida ya tangazo ni ile faida iliyopatikana kwa sababu ya tangazo, baada ya kutoa gharama zake zote. Mauzo yote yaliyofanyika wakati tangazo likiendelea si faida yake, na idadi ya watu waliobonyeza alama ya kupenda ni mbali zaidi na faida. Mfanyabiashara anayechanganya mambo hayo matatu anaweza kumaliza mtaji wa msimu mzima huku simu ikimwonyesha kuwa mambo yanakwenda vizuri.

Soko lenyewe

Tlawi ni kata ya Mbulu, jirani na ziwa lenye jina hilo hilo, katika nyanda za juu za mkoa wa Manyara. Wakulima wa Mbulu hulima mahindi, maharage, ngano na mazao ya bustani, lakini zao lililoipa wilaya jina katika masoko ya mbali ni vitunguu swaumu. Kwa mfanyabiashara anayefikiria matangazo, zao hili lina sifa tatu.

Kwanza, vikikaushwa vizuri vinakaa muda mrefu kuliko nyanya au kabichi, hivyo mwenye bidhaa anaweza kumngoja mteja. Pili, thamani yake kwa kilo ni kubwa, hivyo hata mzigo wa kilo 10 unaweza kubeba nauli ya basi na bado ukaacha kitu. Tatu, vinashindana sokoni na vitunguu swaumu kutoka nje, hasa China, ambayo ndiyo mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Mnunuzi wa mjini anayetaka vya Mbulu anahitaji kujua nani anavyo na vinapatikana kwa bei gani, na tangazo linaweza kumjulisha.

Mazao yote hayako hivyo. Pale ambapo mbaazi, dengu au ufuta huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, bei hupangwa mnadani na mnunuzi huja kwa utaratibu wa mnada. Mkulima anayelipia tangazo la zao la namna hiyo hawezi kujiongezea hata shilingi 1 ya bei. Kabla ya kupima faida ya tangazo, mfanyabiashara ajiulize kama bei na mteja viko mikononi mwake. Kama haviko, hesabu imekwisha kabla ya kuanza.

Namba zinazopotosha

Simu humpa mfanyabiashara namba nyingi kwa wakati mmoja: watu walioona tangazo, waliobonyeza, waliopenda, walioandika maoni na wafuasi wapya. Namba hizi zina kazi yake. Zinaonyesha kama picha inavutia na kama tangazo linafika mahali palipokusudiwa. Lakini hakuna hata moja kati ya hizo inayolipa nauli ya gari la mzigo.

Aidha, namba hizo hutolewa na kampuni ile ile inayouza tangazo. Septemba 2016 kampuni ya Facebook ilikiri kwamba kwa takriban miaka 2 ilikuwa ikizidisha wastani wa muda ambao watu walitazama video katika mtandao wake. Makampuni makubwa yaliyokuwa yakitumia mamilioni ya dola yalikuwa yakizitegemea takwimu hizo. Mfanyabiashara wa Tlawi hana uwezo wa kukagua vitabu vya kampuni hiyo, ila anao uwezo wa kukagua daftari lake mwenyewe, na kipimo anachopaswa kukiamini ni kilo zilizotoka ghalani pamoja na fedha zilizoingia.

Gharama ambazo hazionekani

Kosa la kwanza katika hesabu hii ni kuandika gharama moja tu, yaani fedha aliyolipwa mwenye mtandao. Kwa kawaida gharama za tangazo ni tano.

Ya kwanza ni malipo ya tangazo lenyewe. Hapa kiandikwe kiasi kilichokatwa kwenye kadi ya benki, si kile kilichoonekana kwenye skrini wakati wa kuagiza, kwa kuwa kodi na makato ya kubadilisha fedha huweza kuongezeka juu yake. Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 iliwaingiza watoa huduma za kidijitali walioko nje ya nchi katika mfumo wa kodi wa Tanzania, na mzigo wa kodi ya namna hiyo mara nyingi huishia kwa mteja.

Ya pili ni bando. Video na picha hula bando, na kujibu wateja 30 kwa siku hula zaidi.

Ya tatu ni kazi ya mtu. Kama kijana analipwa kupiga picha na kujibu ujumbe, malipo yake ni gharama ya tangazo. Kama mwenye duka anafanya mwenyewe, saa 2 anazokaa na simu kila siku ni saa 2 ambazo hakwenda mashambani kukusanya mzigo. Nazo zina bei.

Ya nne ni sampuli na punguzo. Mteja wa mbali asiyemjua muuzaji huomba kilo 1 ya kujaribu, au bei ya chini kwa mara ya kwanza. Kwa hofu ya utapeli wa simu, wengi hawatumi fedha mpaka waone bidhaa, kwa hiyo uaminifu wa mwanzo hununuliwa kwa sampuli.

Ya tano ni mizigo inayorudi. Mteja ameagiza, mzigo umefika stendi, simu haipokelewi. Nauli ya kwenda na kurudi imepotea, na vitunguu vimepungua uzito njiani.

Mfano wa hesabu

Chukulia mfanyabiashara mmoja wa Tlawi anayenunua vitunguu swaumu kwa wakulima na kuwapelekea wateja wa Arusha na Dar es Salaam. Bei zinazotumika hapa ni za mfano wa kufundishia tu, wala si bei za soko. Ananunua kilo 1 kwa Sh 4,000. Mifuko, ushuru na nauli ni Sh 700 kwa kilo, na nauli ya ziada ya mzigo wa mbali hulipwa na mnunuzi. Anauza Sh 6,000. Faida ghafi kwa kilo ni Sh 1,300.

Katika wiki 4 za kawaida, bila tangazo, anauza kilo 600 katika miji hiyo miwili. Kisha anatangaza kwa wiki 4 kupitia Facebook na Instagram, akiwaelekeza watu kwenye WhatsApp yake. Katika wiki hizo anauza kilo 860. Gharama zake ni hizi:

Malipo ya tangazo: Sh 80,000
Bando: Sh 20,000
Malipo ya kijana: Sh 60,000
Sampuli kilo 10, kwa gharama ya Sh 4,700 kila kilo: Sh 47,000
Mzigo uliorudi: Sh 13,000
Jumla: Sh 220,000

Mfanyabiashara huyu anaweza kupiga hesabu kwa njia nne, na kila moja ikampa jibu lake.

Hesabu ya kwanza ni ya kijiweni. Mauzo yote ya wiki 4 ni Sh 5,160,000. Tangazo lililipiwa Sh 80,000. Kwa hiyo kila shilingi 1 ya tangazo "imeleta" zaidi ya shilingi 64. Hesabu hii inafurahisha kusimulia, lakini ina makosa matatu: inachukua mauzo badala ya faida, inahesabu wateja wote hata wasioliona tangazo, na inasahau Sh 140,000 za gharama nyingine.

Hesabu ya pili ni nzuri zaidi. Kijana alimuuliza kila mteja alikotoka, na kilo 340 zilinunuliwa na watu waliosema wametoka mtandaoni. Faida ghafi ya kilo 340 ni Sh 442,000. Ukitoa gharama za Sh 220,000 inabaki Sh 222,000, sawa na asilimia 101 ya fedha iliyotumika. Wengi huishia hapa, wakaridhika.

Hesabu ya tatu inatazama ongezeko. Mauzo yalipanda kutoka kilo 600 hadi 860, yaani ongezeko la kilo 260, si 340. Kilo 80 zilizobaki ni za wateja wa zamani ambao awali walikuwa wakipiga simu na sasa wameandika ujumbe WhatsApp. Hao wangenunua hata bila tangazo. Faida ghafi ya kilo 260 ni Sh 338,000. Ukitoa gharama inabaki Sh 118,000, sawa na takriban asilimia 54.

Hesabu ya nne inauliza kama soko lenyewe lilipanda. Mfanyabiashara huyu ana pia wateja wa Babati, ambako tangazo halikuelekezwa. Huko aliuza kilo 100 katika wiki 4 za kwanza na kilo 110 katika wiki 4 za pili. Soko lilipanda kwa asilimia 10 bila tangazo lolote. Kama Arusha na Dar es Salaam nazo zingepanda hivyo hivyo, angeuza kilo 660 bila kutumia senti. Basi tangazo limeleta kilo 200 tu. Faida ghafi ni Sh 260,000, na baada ya gharama inabaki Sh 40,000, sawa na takriban asilimia 18.

Kutoka mara 64 hadi asilimia 18, biashara ni ile ile, wiki ni zile zile, na daftari ni lile lile. Kilichobadilika ni swali. Hesabu ya kwanza inauliza "nimeuza kiasi gani?" na ya nne inauliza "nimeuza kiasi gani ambacho nisingeuza?" Swali la pili ndilo la mwekezaji.

Makampuni makubwa yalivyojifunza

Swali hili si la watu wa mitaji midogo peke yao. Wataalamu wa uchumi waliofanya kazi na eBay, soko kubwa la mtandaoni la Marekani, walizima matangazo ya kulipia ya kampuni hiyo katika baadhi ya maeneo na kuyaacha yaendelee katika mengine. Utafiti huo, uliochapishwa rasmi mwaka 2015, ulionyesha kwamba mauzo kwa jumla hayakutikisika sana. Wateja wa siku zote waliokuwa wakibonyeza tangazo walikuwa njiani kwenda eBay tayari, na tangazo lilikuwa likilipiwa ili kumfungulia mlango mtu aliyekwisha kushika kitasa. Waliovutwa kwelikweli walikuwa wateja wapya na wale wasionunua mara kwa mara.

Mwaka 2017 kampuni ya Procter & Gamble, watengenezaji wa sabuni na bidhaa za nyumbani, ilipunguza zaidi ya dola milioni 100 za matangazo ya mtandaoni katika robo moja ya mwaka, na ikaeleza kuwa haikuona athari ya maana katika ukuaji wa mauzo yake.

Mafunzo hayo hayamaanishi kuwa tangazo ni fedha ya bure kwa wenye mitandao. Kampuni inayojulikana na kila mtu ina watu wachache wa kuwajulisha jambo jipya. Mfanyabiashara wa Tlawi yuko upande wa pili: mjini hajulikani, na karibu kila anayeona tangazo lake ni mgeni. Kwa hiyo anaweza kufaidi tangazo kuliko kampuni kubwa, mradi lifikishwe kwa wageni hao na si kwa wateja wake wa zamani, ndugu zake na wenzake wa mnadani. Picha inayowekwa kwenye kundi la WhatsApp lenye watu wa Mbulu watupu inaonwa na watu ambao nao wana vitunguu swaumu nyumbani.

Namna ya kupima bila mashine

Njia za kupima si ngeni. Mmarekani Claude Hopkins, katika kitabu chake cha mwaka 1923 kuhusu matangazo, alieleza matumizi ya kuponi zenye alama tofauti kwa kila gazeti. Kuponi iliporudi na mteja, mwenye duka alijua ni tangazo lipi lililomleta. Mfanyabiashara wa leo anaweza kufanya kazi ile ile kwa zana alizonazo.

Atenge laini moja ya simu, au lipa namba moja, kwa ajili ya wateja wa tangazo tu. Taarifa ya malipo ya mwisho wa mwezi itajipanga yenyewe. Ambaye hawezi kuwa na lipa namba mbili atumie neno la siri: tangazo la Arusha liseme "taja neno Ziwa upate mfuko wa bure", na la Dar es Salaam litaje neno jingine.

Atumie lebo. Programu ya WhatsApp Business, iliyotoka mwaka 2018 na ambayo haitozwi fedha kuipakua, humruhusu mwenye biashara kumwekea kila mteja lebo: mpya, wa zamani, amelipa, amerudi mara ya pili. Kazi hii ifanywe siku ile ile mteja anapoandika, maana baada ya wiki 2 hakuna anayekumbuka.

Amuulize mteja swali moja kabla ya bei: "Umetupataje?" Jibu liandikwe kama lilivyotolewa. Wapo watakaosema mtandaoni kumbe wameelekezwa na jirani, na wapo watakaosema kinyume chake. Ndiyo maana swali hili halitoshi peke yake.

Aache mji mmoja bila tangazo. Hiki ndicho kipimo chenye nguvu kuliko vyote, na hakina gharama. Matangazo ya Facebook na Instagram humruhusu mlipaji kuchagua eneo. Akichagua Arusha na kuiacha Babati, au akitangaza wiki 2 na kunyamaza wiki 2, anapata kitu cha kulinganisha. Asibadilishe bei katika kipindi hicho, kwa sababu bei ikishuka na tangazo likiwaka kwa pamoja, hatajua ni kipi kilichovuta wateja. Aidha, mji mmoja kwa mwezi mmoja ni ushahidi mdogo. Kilo 10 za Babati zinaweza kuwa ni mteja mmoja tu mwenye sherehe. Kipimo kirudiwe angalau mara 2 kabla ya kufanya uamuzi mkubwa.

Wastani huficha hasara

Mfanyabiashara wa mfano huu, baada ya kuona faida ya asilimia 18, angeweza kusema inatosha na kuendelea. Lakini daftari lake lilikuwa limeitenga miji.

Arusha, mauzo ya kawaida yalikuwa kilo 400. Kwa kupanda kwa soko yangefika 440. Yalifika 590, ongezeko la kilo 150. Faida ghafi ni Sh 195,000. Gharama za Arusha, pamoja na nusu ya tangazo, bando na malipo ya kijana, na sampuli kilo 4, ni Sh 98,800. Inabaki faida ya Sh 96,200.

Dar es Salaam, mauzo ya kawaida yalikuwa kilo 200. Yangefika 220. Yalifika 270, ongezeko la kilo 50. Faida ghafi ni Sh 65,000. Gharama, pamoja na sampuli kilo 6 na ule mzigo uliorudi, ni Sh 121,200. Hapa kuna hasara ya Sh 56,200.

Kumbe Arusha ilikuwa ikiilipia Dar es Salaam. Kwa jumla biashara ilionekana kupata Sh 40,000, na bila kutenga miji mfanyabiashara angeongeza fedha kote kote, akiiongeza faida na hasara kwa pamoja.

Fedha hiyo ingefanya nini kwingine

Mwekezaji hapimi faida peke yake. Huilinganisha na faida aliyoiacha. Sh 220,000 zingeweza kununua na kusafirisha kilo 46 zaidi za vitunguu. Kama wateja wa kuzinunua wapo, faida yake ni Sh 59,800 kwa mwezi, nyingi kuliko Sh 40,000 zilizoletwa na tangazo. Hapa mfanyabiashara ajiulize anakwama wapi. Kama kila wiki mzigo unaisha na wateja wanabaki wakiulizia, tatizo ni mtaji wa kununulia, na tangazo litamletea maswali asiyoweza kuyajibu kwa bidhaa. Kama mzigo unalala ghalani ukipungua uzito, tatizo ni wateja, na hapo tangazo lina kazi.

Upande wa pili wa mizani ni wateja wanaorudi. Mwenye mgahawa aliyepatikana kwa tangazo mwezi wa kwanza anaweza kununua mwezi wa pili bila tangazo. Chukulia wateja wapya walirudi na kuchukua kilo 50 mwezi uliofuata: hiyo ni Sh 65,000 zaidi, na faida ya tangazo inafika Sh 105,000, sawa na takriban asilimia 48. Hii ni faida halali, mradi iandikwe baada ya mteja kurudi na si kabla. Kuahidiwa hakuingii kwenye daftari.

Kizingiti kabla ya kulipa

Hesabu moja inapaswa kufanywa kabla ya fedha kutoka mfukoni. Gawanya gharama zote zinazotarajiwa kwa faida ghafi ya kilo 1. Katika mfano huu, Sh 220,000 ukigawanya kwa Sh 1,300 unapata kilo 170. Hizo ni kilo za ziada, juu ya mauzo ya kawaida, ambazo lazima ziuzwe ili fedha irudi tu bila faida. Mfanyabiashara aiandike namba hiyo ukurasa wa kwanza wa daftari. Kama hana mzigo wa kilo 170 za ziada, au hana gari la kuzibeba, asilipe tangazo la kiasi hicho. Alipunguze mpaka kizingiti kilingane na ghala lake.

Kwa mwenye faida ndogo kwa kilo hali ni ngumu zaidi. Anayepata Sh 100 kwa kilo ya mahindi atahitaji kuuza kilo 2,200 za ziada ili kurudisha fedha ile ile. Ndiyo maana tangazo linalofaa kwa vitunguu swaumu, asali au mbegu bora linaweza kuwa hasara tupu kwa nafaka za rejareja.

Mtandao ukikatika

Biashara inayotegemea mtandao mmoja ina hatari yake. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilikatika duniani kote kwa takriban saa 6. Mei 2024 hitilafu katika nyaya za baharini za EASSy na Seacom ilizorotesha intaneti Tanzania na nchi za jirani. Mei 2025 mtandao wa X ulifungwa nchini, na tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa na kurejea baada ya siku kadhaa.

Siku za namna hiyo ziondolewe katika ulinganisho, kwa kuwa zinapotosha pande zote mbili. Kukatika kwa saa chache kunaweza hata kumfundisha mfanyabiashara jambo: kama siku hiyo mauzo hayakupungua, ajiulize tangazo lilikuwa likifanya nini. Lakini wiki ile ya Oktoba 2025 haifai kuwa kipimo, kwani katika miji kadhaa usafiri na shughuli nyingine pia zilivurugika. Kinga iliyo rahisi ni kuwa na namba za wateja katika daftari la karatasi, ili wapigiwe simu ya kawaida. Anayeweka kumbukumbu za wateja akumbuke kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Namba ya mteja ni ya kumhudumia, si ya kumpa mtu mwingine.

Maswali ya kujipima

Kabla ya kuongeza fedha ya tangazo, mfanyabiashara ayajibu maswali haya kwa maandishi:

1. Faida ghafi kwa kilo au kwa kipande ni shilingi ngapi?
2. Gharama zote tano za tangazo zinafika kiasi gani?
3. Ni kilo ngapi za ziada zinazotakiwa kuuzwa ili fedha irudi?
4. Mauzo ya wiki 4 kabla ya tangazo yalikuwa kiasi gani, na yameandikwa wapi?
5. Ni mji au wiki ipi iliyoachwa bila tangazo kwa ajili ya kulinganisha?
6. Kati ya wateja wa mtandaoni, wa zamani ni wangapi?
7. Kila mji ukihesabiwa peke yake, upi unaleta faida na upi unaleta hasara?
8. Fedha hiyo ingenunua mzigo, ingepata faida gani?

Asiyeweza kujibu swali la 4 asitangaze kwanza. Aandike mauzo yake kwa mwezi mmoja bila kubadilisha kitu, kisha ndipo aanze. Mwezi huo ndio utakaomwonyesha baadaye kama tangazo limemletea chochote.

Mfanyabiashara wa mfano wetu ana uamuzi mwepesi sasa. Asimamishe tangazo la Dar es Salaam, awapigie simu wateja wachache wa huko waliokwisha kununua, aendelee na Arusha kwa kiasi kile kile kwa wiki 4 nyingine, na Babati iendelee kuwa mji wa kulinganishia. Akipata tena zaidi ya kilo 76 za ziada Arusha, ambazo ndizo kizingiti cha Sh 98,800, atajua kuwa mara ya kwanza haikuwa bahati. Asipozifikisha, atakuwa amejua kwa gharama ndogo, kabla mtaji wa msimu haujaisha. Wahenga wa biashara walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na fedha ya tangazo nayo ni mali.